Goti la mbwa na hesabu ya mteremko

Mchezaji mpira akikatika kano ya goti, uwanja mzima unajua. Amegeuka ghafla, mguu umebaki nyuma, na machela inaitwa. Mbwa haumii hivyo. Kwa mbwa wengi kano hiyohiyo, inayopita katikati ya goti kuunganisha mfupa wa paja na muundi, hulika uzi baada ya uzi kwa majuma au miezi kabla ya kukatika kabisa. Mwenyewe huona tu kwamba mnyama anachechemea akiamka, anapata nafuu, kisha anachechemea tena. Akikaa, mguu mmoja anautupa pembeni. Watu husema ameteguka, anachuliwa, na siku zinapita.

Maradhi haya ni miongoni mwa sababu kuu za mbwa wakubwa kufikishwa kwa mpasuaji wa mifupa, na Labrador na Rottweiler wamo katika mbari zinazoandamwa zaidi. Watafiti walikadiria kuwa nchini Marekani pekee, mwaka 2003, wenye mbwa walitumia zaidi ya dola bilioni 1.3 kwa ajili ya kano hiyo moja. Na kwa kuwa chanzo chake kwa kawaida ni uchakavu wa taratibu, si ajali, goti la pili nalo limo hatarini: kati ya asilimia 40 na 60 ya mbwa walioumia mguu mmoja huja kuumia na wa pili.

Daktari huanza kwa mikono. Hushika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, kisha huusukuma muundi mbele. Ukiteleza kama droo ya meza, kano haipo kazini. Mbwa mwenye misuli minene akijikaza, kipimo hiki humdanganya hata mtaalamu, ndiyo maana mara nyingi mnyama hupewa kwanza dawa ya kumtuliza. Eksirei haionyeshi kano yenyewe. Huonyesha maji yaliyojaa kwenye goti, vijiba vya mfupa vilivyoanza kuota, na jambo jingine lililokuja kubadili tiba nzima: mteremko wa kichwa cha muundi.

Kwa miaka mingi madaktari walihangaika kutengeneza kano mpya. Mwaka 1952 Saki Paatsama wa Finland alieleza namna ya kukata ukanda wa utando wa paja la mbwa mwenyewe na kuupitisha ndani ya goti. Baadaye ikaja njia ya kufunga goti kwa uzi imara wa nailoni kutoka nje ya kiungo, ambayo mpaka leo hutumika sana, hasa kwa mbwa wadogo. Kwa mbwa wa kilo 40 uzi huo una kazi ngumu.

Barclay Slocum, daktari wa wanyama wa Oregon, aliliuliza swali kwa namna nyingine. Mbwa husimama goti likiwa limekunjwa, na kichwa cha muundi wake kimeinamia nyuma kwa nyuzi zinazokaribia 25. Kila anapokanyaga, uzito wa mwili huteremka nyuma na muundi husukumwa mbele, na kinachouzuia ni ile kano. Basi, badala ya kuunda kano nyingine, kwa nini usiondolewe mteremko? Katika njia aliyoitangaza na mkewe mwaka 1993, mpasuaji hukata kichwa cha muundi kwa msumeno wa duara, hukizungusha mpaka mteremko ubaki nyuzi kama 5, kisha hukikaza kwa bamba la chuma na skrubu. Kano iliyokatika hairudishwi, kwa sababu goti halina tena haja nayo. Wataalamu huiita njia hii TPLO. Slocum aliilinda kwa hataza, na kwa miaka kadhaa aliyetaka kuitumia ilimbidi kwanza apitie mafunzo yake; jambo hilo liliwaudhi wengi, lakini huenda pia liliwanusuru mbwa kadhaa na misumeno ya wanagenzi.

Je, inafanya kazi? Jibu la kuaminika lilichelewa karibu miaka ishirini. Mwaka 2013 lilichapishwa jaribio la mbwa 80 waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakifanyiwa TPLO na wengine wakifungwa uzi, kisha wakapimwa kwa sahani ya sakafuni inayosoma nguvu ya kila unyayo. Baada ya mwaka, waliofanyiwa TPLO walikanyaga kwa nguvu zaidi. Wenye mbwa walioridhika sana walikuwa asilimia 93 upande wao na asilimia 75 upande wa uzi. TPLO ilishinda, ila uzi haukudhalilika.

Mwaka huohuo utafiti mwingine wa mbwa 40 wanene ulileta habari ambayo wapasuaji hawaipendi sana. Wote walipunguzwa uzito, wakapewa dawa za maumivu na mazoezi ya viungo; nusu yao tu ndio waliopasuliwa. Mwaka ulipotimia, waliofanikiwa walikuwa robo tatu ya waliopasuliwa, na karibu theluthi mbili ya wasiopasuliwa. Upasuaji uliongoza, lakini lishe na mazoezi vilibeba sehemu kubwa ya mzigo.

Hata aliyepasuliwa vizuri anaweza kuharibikiwa nyumbani. Mfupa uliokatwa huhitaji wiki 8 hivi kuunga, ilhali mbwa huanza kujisikia mzima mapema zaidi na kutaka kurukia kochi. Muda wote huo anatoka kwa kamba tu, matembezi mafupi yanayoongezwa kidogo kidogo, mbali na ngazi na vigae vinavyoteleza, mpaka eksirei ithibitishe kuwa mfupa umeshika. Dawa za maumivu zitoke kwa daktari wa mifugo: ibuprofeni na diklofenaki za duka la dawa za watu humtoboa mbwa tumbo na kumuua figo.

Kuhusu uzito, ushahidi una nguvu isiyo ya kawaida. Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote, nusu wakila robo pungufu ya wenzao. Waliopunguziwa waliishi miaka 13 badala ya 11.2 kwa wastani, na walihitaji tiba ya viungo vilivyosagika karibu miaka mitatu baadaye.

Kwa hiyo mwenye mbwa mkubwa anayechechemea kwa wiki mbili aache kumchua. Ampeleke apimwe magoti yote mawili, na kabla ya kuuliza bei ya bamba, aombe mnyama apandishwe kwenye mizani.