Kukomboa shamba mji ukiwa umezingirwa

Sisi tunaosoma lugha tunajua kwamba neno linalotumiwa sana huchakaa. Hapa Goma, neno "ukombozi" limechakaa hivyo. AFDL, iliyoingia mjini mwaka 1996, ilikuwa nalo ndani ya jina lake, na hata leo tunalisikia kwenye hotuba na mahubiri. Katika makala hii nataka kulirudisha kwenye maana yake ya kawaida, kwani hapo ndipo linapotusaidia kuelewa jinsi fikra ya Kiyahudi inavyotafuta matumaini wakati wa maangamizi.

Kwa Kiswahili, mtu hukomboa kitu kilichowekwa rehani: hulipa deni, kitu kikamrudia. Kiebrania kina neno geula, yaani ukombozi, na goel, yaani mkombozi. Katika sheria ya Torati, goel ni jamaa wa karibu. Ndugu yake akiwa maskini na kuuza shamba, yeye hulinunua ili ardhi irudi katika ukoo. Kwa hiyo neno hili la imani limebeba ndani yake udongo, fedha na undugu.

Kitabu cha Yeremia kinaonyesha maana hizo zikikutana. Karibu mwaka 587 K.K. jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu. Yeremia alikuwa kifungoni, kwa sababu alitangaza kwamba mji utaanguka. Ndipo Hanameli, mwana wa baba yake mdogo, alipomjia na kumwomba anunue shamba la Anathothi, kwa kuwa haki ya kulikomboa ilikuwa yake. Kwa hesabu ya biashara, huo ulikuwa upuuzi. Hata hivyo Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, na hati zikakabidhiwa kwa Baruku, mwandishi wake, azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

Tuangalie ni nani aliyenunua. Nabii mwingine, Hanania, alikuwa amewaahidi watu kwamba mambo yangerudi sawa ndani ya miaka miwili. Yeremia alimpinga. Aliwaandikia waliohamishiwa Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani huko, kwa kuwa safari ingechukua miaka 70. Aliyenunua shamba, basi, ni yuleyule aliyekataa faraja ya haraka. Ninavyoelewa, hili ndilo jambo kuu: katika mapokeo haya, matumaini hayapunguzi ukubwa wa maangamizi. Yanaukiri, kisha yanaandika hati.

Lugha yenyewe hufanya kazi hiyo katika kitabu cha Maombolezo, ambacho Wayahudi hukisoma kila mwaka tarehe 9 ya mwezi wa Av, wakikumbuka kubomolewa kwa Hekalu. Sura ya 1, 2 na 4 zina beti 22 kila moja, zinazofuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania. Sura ya 3 ina beti tatu kwa kila herufi. Mji umevunjika, lakini alfabeti imesimama. Na kwa kuwa mstari wa mwisho wa kitabu ni mchungu, wasomaji hurudia ule unaoutangulia, ambao ni ombi la kurejeshwa, ili usomaji uishie hapo.

Historia ya karibu nasi ina mfano. Jamii ya Abayudaya, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu karibu na Mbale, Uganda, mwaka 1919, ilipigwa marufuku kuabudu wakati wa Idi Amin. Wengi waliacha dini. Wachache waliendelea kusali kwa siri. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, jioni hiyohiyo ilikuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani. Baadaye vijana waliikusanya jamii upya kwenye kilima cha Nabugoye, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alipewa daraja la urabi. Sala za siri ndizo zilizokuwa hati ndani ya chombo cha udongo.

Goma imefunikwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002, ikatishwa nayo tena mwaka 2021, na Januari 2025 vita vikaingia mitaani. Kati yetu wapo ndugu kutoka Masisi na Rutshuru ambao mashamba yao yako mbali, na wazee wanaojua mipaka yake wanafariki ugenini. Kila mzee akifariki, ushahidi mmoja hupotea. Hatuna shekeli 17, wala hatuwezi kumwahidi mtu tarehe ya kurudi. Lakini tunajua kuandika. Tunaweza kukusanya majina ya vilima, vijito na koo, katika lugha za wenyewe na kwa Kiswahili, kabla hayajasahaulika. Anayetaka kukomboa shamba huhitaji kwanza kujua linaitwaje na linaishia wapi. Kazi hiyo ni ya Baruku, na kitivo chetu kinaiweza.