Panya wa Mafuta

Wanafunzi wetu wametuuliza: hao wanaoshinda kwenye gemu za kompyuta wanasaidiana kweli, ama ni kuuana tu? Tuwajibu kwa mfano mmoja.

Kuna gemu ya Uingereza inaitwa Elite Dangerous, ilitoka mwaka 2014. Mchezaji anaendesha chombo cha angani kati ya nyota bilioni 400. Mafuta anayachota kwenye nyota, ila si kila nyota inatoa. Tanki likikauka, umeme unazimika, na hewa inabaki ya dakika chache, vyombo vingine 5 tu. Ukifa, yote uliyovumbua na hujayauza yamekwenda. Kuna wenye kazi ya miezi humo!

Basi mwaka 2015 wachezaji wakaunda kikosi cha kujitolea, Fuel Rats, ndio hao Panya wa Mafuta. Aliyekwama anaandika ujumbe. Aliye zamu hamwulizi kwanza, "Ilikuwaje?" Anauliza: hewa imeshaanza kuhesabu? Kama ndiyo, toka kwenye gemu sasa hivi, maana ukitoka saa inasimama. Hapo ndipo anawapanga waokoaji, nani aende, nani akae tayari. Wakishafika karibu, ndipo aliyekwama anaitwa arudi.

Gemu tu, mtasema. Lakini kukesha kwa ajili ya mtu usiyemjua si mchezo. Safari nyingine huchukua siku kadhaa, na hawadai hata senti. Wameshaokoa zaidi ya mara 100,000. Baadhi ya waliookolewa hurudi kuomba zamu.