Gari la Nyumba Likizeeka

Alhamdulillahi, gari letu aina ya Toyota Noah limetuhudumia kwa miaka kumi na minne. Lilitengenezwa Japani mwaka wa 2004, likashushwa hapa Kilindini mwaka wa 2011, na tangu siku hiyo limebeba kila kilichobebeka katika nyumba yetu: wana wetu walipokuwa wakienda madrasa, wajukuu baada yao, magunia ya mchele wa Ramadhani, mabiharusi wawili, na jamaa wa kwenda taazia wasio na idadi. Mwaka huu limeanza kusema kwamba limechoka. Kila tukipanda daraja la Nyali na watu wamejaa, injini yanguruma lakini gari haliendi. Giaboksi huteleza, kisha hushika kwa kishindo kinachomfanya mama yetu mzazi atamke shahada.

Wasomaji wetu wengi wana gari kama hili mlangoni, au tuseme mwisho wa kichochoro, kwani kwetu sisi wa Mji wa Kale mlango wa gari na mlango wa nyumba ni vitu viwili vilivyo mbali. Kwa hivyo tumeona tuyaandike yaliyotupata katika kulibadilisha, pamoja na lile ambalo nusura lituaibishe.

Baraza la kwanza lilikaa baada ya Isha. Mwana wetu mkubwa alikuwa amekwisha chagua: Noah ya miaka ya karibuni, viti vinane, na Mola akijaalia, Alphard. Hoja yake ilikuwa kwamba jamaa ni kubwa na ni aibu kupungukiwa viti siku ya harusi. Nasi tulitikisa kichwa kukubali. Mama watoto hakusema neno. Alichukua daftari la mjukuu, akapiga mistari, na kwa mwezi mzima akaandika kila safari: tarehe, tulikokwenda, na watu waliopanda.

Mwezi ulipokwisha alitusomea. Safari zilikuwa hamsini na tatu. Arubaini na moja kati ya hizo zilikuwa za watu watano au pungufu: shule, Marikiti, kliniki ya mama huko Coast General, na darasa za jioni. Tisa zilikuwa za watu sita au saba. Watu wanane walipanda mara tatu tu, taazia mbili na harusi moja. Kisha akafunga daftari akauliza, "Twanunua gari la siku tatu au la mwezi mzima?"

Hatukuwa na jibu. Na katika ukurasa wa nyuma alikuwa ameandika jambo ambalo hakuna mwanamume yeyote wa nyumba ile aliyelifikiria, nalo ni urefu wa kidato cha kupandia. Mama yetu ana miaka themanini na kitu, na goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Noah huipanda kwa kusukumwa kidogo, na yeye hapendi kusukumwa mbele za watu.

Hapo ndipo jina la Sienta lilipoingia barazani, likapokewa kwa kicheko na vijana. Ni gari dogo la Toyota lenye viti saba, injini ya sentimita za ujazo 1500, na kizingiti kilicho chini kiasi cha mzee kuingia kama aingiaye chumbani. Milango yake ya nyuma ni ya kuteleza, kama ile ya Noah, na asiyekaa Mji wa Kale hawezi kujua neema ya mlango wa kuteleza. Njia zetu, kama Ndia Kuu na vichochoro vya Kibokoni, zilikuwako kabla ya gari kuwako duniani. Ukisimama hapo kushusha watu, kushoto pana ukuta, kulia papita mkokoteni na tuktuk. Mlango wa kufunguka kwa nje hauna mahali pa kufungukia. Kwa upana, magari haya mawili hayatofautiani sana, yote yana karibu mita 1.7. Tofauti ni urefu: Noah ya miaka ya 2014 hadi 2021 ina karibu mita 4.7, na Sienta ya 2015 hadi 2022 imezidi mita 4.2 kidogo tu. Nusu mita hiyo ndiyo huamua kama utakata kona mara moja au utarudi nyuma mara tatu huku watu wa baraza wakikuelekeza, kila mmoja upande wake.

Lakini insafu yatulazimu tuseme na upungufu wake. Safu ya tatu ni ya watoto. Mtu mzima atakaa magoti yakimgusa kidevu. Viti vyote vikifunguliwa, nyuma hapabaki nafasi ya mizigo ila kikapu. Na atakayejaza watu saba kwenda Voi, katika milima ya Mazeras na Mariakani atasikia injini ikilalamika.

Upande wa serikali, wengi wetu hushtuka tunapofika bandarini. Kenya hairuhusu gari kuukuu la kutoka nje lililozidi miaka minane, na kwa mwaka wa 2025 maana yake ilikuwa kwamba lazima liwe limesajiliwa kwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Ushuru wa forodha ulipandishwa mwaka wa 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini isiyozidi 1500 ni asilimia 20, na ikizidi hapo huanzia 25. Kisha huja VAT ya asilimia 16, nayo hutozwa juu ya hayo yote yaliyotangulia. Katika yadi moja ya hapa mjini, tofauti ya Noah na Sienta za mwaka mmoja ilikuwa shilingi laki nane.

Atakayekwenda yadini na asitazame rangi kwanza. Alale chini atazame tumbo la gari, kwani mengine hutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na kutu huanzia huko kabla ya hewa ya bahari yetu kuimalizia. Aitake karatasi ya mnada wa Japani, alinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye dashibodi. Na akiona daraja la gari limeandikwa herufi R, ajue kwamba lilipata ajali likatengenezwa.

Ikaja habari ya fedha. Kijana wetu wa pili alileta fomu ya mkopo wa riba, tukairudisha bila maneno mengi. Tangu mwaka wa 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia kikamilifu, nazo nyingine zina madirisha ya namna hiyo, kwa hivyo asiwepo wa kusema hana njia. Hata hivyo, jina la Kiarabu peke yake halihalalishi mkataba. Katika murabaha, benki yapasa ilinunue gari na kulimiliki kwanza, kisha ikuuzie kwa bei na faida zinazojulikana. Dada zetu wanaofanya biashara na waliulize swali hili kabla ya kutia sahihi: gari likiungua kabla hatujauziana, hasara ni ya nani? Wakijibiwa kwamba ni yako, basi hapo pana riba iliyovaa kanzu.

Sisi tuliamua kutokopa benki. Tulikuwa na akiba, na tulitegemea kuuza Noah. Dalali alikuja, akalizunguka, akasema litaleta shilingi 560,000. Kuhusu giaboksi alitupa dawa: mafuta mazito yatakayoituliza kwa wiki mbili, na mnunuzi ajaribishwe njia ya tambarare, kutoka Fort Jesus hadi Makupa na kurudi. "Sheikh," akasema, "mnunuzi ana macho yake."

Tulinyamaza. Tena tuseme kweli, hatukunyamaza kwa kutafuta jibu la kumkemea. Tulikuwa tukizihesabu zile 560,000.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Kisauni, mwenye adabu, aliyetaka gari la kubebea watoto wa shule kuja kisiwani. Alilipenda, akaahidi kurudi kesho na fedha. Usiku ule mama watoto alituuliza neno moja, "Mumemwambia habari ya daraja?"

Kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini tumekisomesha miaka thelathini. Twajua hata mwanafunzi gani atauliza nini. Na katika madhehebu yetu ya Shafii twafundisha kwamba muuzaji anayeijua aibu iliyofichika haokoki kwa kusema "nauza kama lilivyo". Yampasa aibainishe, na asipoibainisha mnunuzi ana haki ya kurudisha. Usiku ule masomo hayo yote yalikaa kitandani pamoja nasi, na usingizi haukuja.

Asubuhi tulimwomba kijana aendeshe yeye, tukawapakia wana wetu wanne nyuma, tukamwelekeza daraja la Nyali. Katikati ya mpando giaboksi iliteleza, ikashika kwa kile kishindo chake. Tukamweleza yote aliyotwambia fundi. Alikaa kimya mpaka Kongowea, kisha akasema, "Maalim, kesho kutwa ningekuwa na watoto kumi humu." Alitoa shilingi 450,000 na kulipeleka moja kwa moja kwa fundi wake. Dalali hatusalimii mpaka leo. Mwana wetu mkubwa naye hakutupongeza. Alihesabu laki moja na elfu kumi zilizokwenda, akatoka nje.

Kwa hivyo mjadala wa Noah ulikufa wenyewe. Hata kwa Sienta zilipungua shilingi laki tatu, nazo tulikopeshwa na ndugu yetu aliyeko Muscat, bila ziada. Tulipomwambia tunaandika hati na kuita mashahidi wawili wa msikitini, alikasirika: ndugu kwa ndugu, karatasi ya nini? Tukamkumbusha kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika deni, na kwamba warithi wetu na wake hawatajuana kama tujuanavyo sisi. Akatia sahihi, akali amenuna.

Bima tumechukua ya takaful. Gari li kichochoroni, jeupe, vijana wameacha kulicheka tangu walipoona linavyogeuka. Harusi ya Malindi ni mwezi ujao, watu wanane, viti saba. Mama ameshatangaza kwamba yeye hashuki, na kiti cha mbele ni chake.