Peugeot ya mjomba yarudi Taifa bila moshi

SIKU ya mechi, mtaani kwetu Temeke hakuna aliyehitaji kuangalia saa. Ukisikia Peugeot 504 ya mjomba inakohoa mara mbili halafu inanguruma, unajua muda wa kwenda Taifa umefika. Watoto walikuwa wanaikimbilia kwa nyuma mpaka kona ya duka la Mangi, wengine wameziba pua, wengine wanacheka. Sisi wenye bahati tulikuwa ndani, watano kiti cha nyuma, bendera nje ya dirisha.

Mimi ni mtu wa mpira. Kazi yangu ni kuandika nani kafunga, nani kakosa na kocha kasema nini. Lakini miezi ya karibuni nimeshinda gereji kuliko mazoezini, na huko nimejifunza jambo ambalo shabiki yeyote mwenye gari, la zamani au la juzi, anapaswa kulijua kabla hajawapakia watoto kwenda uwanjani.

Gari lenye historia

Gari la mjomba ni la 1978. Kwake mwaka huo si namba tu. Ndiyo mwaka ambao Mfaransa Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally akiwa na Peugeot 504 Coupe, miaka mitatu baada ya Ove Andersson wa Sweden kushinda mbio hizo hizo na 504 mwaka 1975. Na kabla yao, 1966 na 1967, Bert Shankland, dereva aliyetokea hapa kwetu, alibeba taji mara mbili mfululizo na Peugeot 404. Ukimpa mjomba nafasi atakusimulia mpaka giza liingie.

La kwake si la mashindano. Ni sedani ya kawaida, silinda nne, cc 1,971, ya kabureta. Lakini nalo lina fainali zake. Mwaka 1993 ndilo lililompeleka uwanjani kuangalia fainali ya Kombe la CAF, Simba dhidi ya Stella ya Ivory Coast. Simba walikuwa wametoka sare ya 0-0 ugenini, mji mzima ukaamini kombe linabaki Dar. Wakafungwa 2-0 nyumbani.

"Siku ile gari iliwaka vizuri kuliko timu," mjomba hupenda kusema, na hacheki akisema hivyo.

Mtoto alipotapika

Tatizo lilianza kama utani. Mlio ulikuwa mkubwa, moshi mweusi, na sisi tukasema gari limezeeka, lina haki ya kukohoa. Halafu siku moja tukitoka uwanjani, foleni ikiwa haisogei, mjukuu wa mjomba mwenye miaka saba akalala kiti cha nyuma. Tulipofika nyumbani alikuwa mgumu kuamka. Akalalamika kichwa, akatapika. Tukasema ni jua na karanga za uwanjani. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinagonga, nikasema ni vuvuzela.

Haikuwa jua wala vuvuzela. Chini ya gari, pale bomba la mbele linapoungana na sailensa ya katikati, kulikuwa na tundu la kupitisha vidole viwili. Juu yake kidogo, bati la sakafu lilikuwa limeliwa na kutu. Moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja mpaka tulipokaa.

Katika moshi wa petroli kuna gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta inakamata damu pale ambapo hewa safi ya oksijeni ilitakiwa kukaa, na mwili unaanza kukosa pumzi bila wewe kujua. Dalili za mwanzo ndizo hizo hizo: kichwa, kichefuchefu, usingizi. Ikizidi inaua. Ile harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine. Muuaji mwenyewe hanuki.

Mjomba alipoelezwa hayo alikaa kwenye ngazi ya nyumba, mikono kichwani. Alisema neno moja tu: "Mjukuu wangu."

Matengenezo ya kwanza: bomba la mbwembwe

Kesho yake gari likapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Kijana ana mkono mzuri, na tundu likazibwa. Lakini akamshawishi mzee aweke bomba pana la nyuma, "la kisasa". Gari likatoka linanguruma kama linaingia mzunguko wa mwisho wa mashindano. Vijana wa kijiweni wakashangilia.

Haikupita wiki mbili, trafiki akalisimamisha. Alizunguka nyuma, akamwambia mjomba akanyage mafuta, wingu jeusi likatoka. "Mzee, gari nzuri, lakini hili ni jiko la mkaa," akamwambia. "Kelele hizi na moshi huu, usiniletee tena barabarani mpaka utengeneze."

Mjomba alirudi amenuna, anadai ameonewa. Lakini afande alikuwa sahihi. Ubovu wa gari barabarani ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, na tangu 2007 nchi ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, ambazo zinagusa pia moshi wa magari. Gari kuwa la zamani si ruhusa ya kuwafukizia majirani.

Moshi hauzaliwi kwenye bomba

Fundi wa pili ni mzee wa makamo, mpole, na gereji yake ina kitu ambacho wengi hawana: mashine ya kupima moshi. Ni kama kisanduku chenye mrija. Mrija unachomekwa kwenye bomba la nyuma, injini ikiwa imepata moto, na namba zinatokea kwenye kioo.

Kabla hajapima, akatuambia sentensi ambayo nimeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu: "Moshi hauzaliwi kwenye sailensa. Unazaliwa kwenye injini. Bomba ni golikipa tu. Usimlaumu kwa makosa ya mabeki."

Namba zilipotokea, kaboni monoksaidi ilisoma asilimia 7.2. Nikauliza hiyo ni mbaya kiasi gani. Akasema yeye kwa magari ya umri huo analenga kipimo cha Uingereza. Kule gari la petroli lililoanza kutumika kati ya Agosti 1975 na Julai 1986 linaruhusiwa lisizidi asilimia 4.5 ya gesi hiyo, na petroli isiyoungua isizidi sehemu 1,200 kwa milioni. Ya baada ya hapo yanabanwa zaidi, asilimia 3.5. Yaliyotangulia Agosti 1975 yanaangaliwa moshi kwa macho tu. Yaani hata wao wanajua kwamba huwezi kumchezesha mkongwe kwa sheria za kijana wa miaka 20, lakini hata mkongwe ana sheria zake.

Kazi ikaanzia juu, si chini. Ea klina ilikuwa imejaa vumbi mpaka haipitishi hewa, ikabadilishwa. Plagi zote nne zilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, dalili kwamba petroli inazidi hewa. Waya wa choki ulikuwa umekwama nusu, kwa hiyo gari lilikuwa linatembea mchana kutwa kana kwamba ndiyo kwanza linawashwa asubuhi. Ndani ya kabureta, kisindano kinachozuia petroli isifurike kilikuwa kimelika. Vyote hivyo ni vitu vidogo. Pointi zikasafishwa, taimingi ikapangwa upya.

Ili petroli iungue vizuri, akaeleza, kilo moja inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Hewa ikipungua, kinachobaki bila kuungua ndicho kinachotoka nyuma, na ndicho unachokilipia sheli.

Sailensa inaoza kutoka ndani

Ndipo akarudi chini. Bomba pana likang'olewa. Sailensa ya zamani, ambayo mjomba alikuwa ameihifadhi uani kwa huruma tu, fundi akaipasua mbele yetu. Nje ilikuwa na kutu ya kawaida. Ndani ilikuwa imebaki vipande kama majani makavu.

Sababu ni hii: lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Ukienda safari ndefu, bomba linapata moto na mvuke unatoka wote. Ukienda sokoni na kurudi, maji yanabaki ndani ya sailensa yakiwa na asidi kidogo, yanakula bati taratibu. Gari linalotoka siku ya mechi tu linaoza haraka kuliko daladala. Ongeza na chumvi ya hewa ya pwani, umemaliza.

Bomba jipya likakatwa kwa upana ule ule wa awali, la zamani likitumika kama kipimo. Mjomba alichagua chuma cha pua kwa bomba la mbele na bati la kawaida kwa sailensa mbili, kulingana na mfuko. Alilipa kwa kodi ya miezi miwili ya chumba cha uani. Gasketi zote zikawa mpya, sakafu ikazibwa kwa bati, na kila kiungo kikapimwa kwa maji ya sabuni huku injini inaunguruma, kutafuta mapovu.

Hapo fundi akatoa onyo. Kama kuna tundu kwenye bomba, hewa safi inaweza kuingia na kuchanganyika na moshi, mashine ikasoma namba nzuri za uongo. "Hilo ni goli la kuotea," akasema. "Ziba kwanza, pima baadaye."

Na masega je?

Nilitaka kujifanya mjanja, nikauliza kwa nini tusiweke masega, yale yaliyomo kwenye ekzosi za magari ya siku hizi. Kazi ya masega ni kubadilisha gesi za sumu ziwe maji, kaboni dayoksaidi na naitrojeni, kwa msaada wa madini ghali kama platinamu. Ulaya yalianza kuwa lazima kwa magari mapya ya petroli 1992 na 1993, msimu ule ule Ligi Kuu ya England ilipoanza.

Fundi akatikisa kichwa. Masega yanahitaji mchanganyiko wa petroli na hewa usiyumbe, na magari ya sasa yana sensa inayosahihisha kila wakati. Kabureta haina macho hayo. Petroli ikizidi, masega yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka, yanaziba, na injini inakosa pa kupumulia.

Lakini alikuwa na neno kwa wenye magari ya Kijapani yaliyojaa maegesho ya Mkapa siku ya mechi. Gari lako likiwa limekuja na masega, yaache. Kuna mafundi wanayatoa na kuyauza kwa ajili ya yale madini, wanakuachia bomba tupu na sifa kwamba gari "limefunguka". Lililofunguka ni sumu, na anayeivuta ni mtoto anayeuza maji kwenye foleni.

Jambo moja zuri tayari tulifanyiwa. Petroli yenye risasi, ile sumu ya ubongo wa watoto ambayo pia huua masega, iliondolewa nchi karibu zote za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Mjomba aliogopa kwamba injini ya zamani haitaiweza petroli isiyo na risasi. Kumbe kichwa cha 504 ni cha alumini, na vavu zake zinakaa kwenye pete za chuma kigumu. Amezunguka nayo miaka yote hii bila kujua alishavuka mtihani huo.

Kipimo cha mwisho

Mrija ukachomekwa tena. Tulisimama watu sita kimya, kama tunasubiri penalti. Kioo kikasoma asilimia 3.1.

Mjomba hakushangilia. Aliinama nyuma ya gari, akapitisha leso nyeupe mdomoni mwa bomba, akaiangalia. Ilikuwa na kijivu kidogo tu. Akaikunja akaiweka mfukoni.

Wikiendi iliyofuata tulikwenda uwanjani. Mtaani hakuna aliyesikia tukiondoka; ilibidi apige honi watoto wajue. Mmoja akalalamika kwamba gari limekuwa la kizee. Tukirudi, foleni ya Mandela ilikuwa ile ile, na mjukuu akalala kiti cha nyuma kama kawaida yake. Safari hii mjomba alikuwa anamwangalia kwenye kioo kila baada ya dakika moja.

Tulipozima gari nyumbani, mtoto akaamka mwenyewe, akajinyoosha, akauliza: "Babu, lile goli la pili alifunga nani?"