Muuza Kisu Aliniuliza Swali

Ndugu msikilizaji, juma hili nakualika tutembee kwa miguu katika jiji la Tokyo, Japani. Tutaanzia Ginza, mtaa wa maduka ya kifahari, na tutaishia Tsukiji, kwenye soko la vyakula. Kutoka Ginza hadi Tsukiji ni mwendo wa robo saa tu.

Safari hiyo sikuifanya kwa matembezi matupu. Shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kukata samaki pale Feri, Dar es Salaam, alikuwa amenikabidhi pesa zake na kuniambia, "Shemeji, ukifika huko niletee kisu cha Kijapani." Pesa ya mtu wa Feri imetoka kwenye jasho na magamba ya samaki, si ya kuchezea.

Kwanza tuutazame mtaa wenyewe. Mwaka 1612 watawala wa ukoo wa Tokugawa walihamishia pale kiwanda cha kufua sarafu za fedha, na ndipo lilipotoka jina la Ginza, yaani mahali pa fedha. Sisi tunaoyaita madini hayo na pesa kwa jina moja hatuna haja ya kuelezwa mara mbili. Mwaka 1872 moto uliunguza mtaa huo, serikali ikaujenga upya kwa matofali mfano wa miji ya Ulaya, kisha tetemeko la ardhi la mwaka 1923 likauvuruga tena. Jengo la Wako lenye saa kubwa, pale njia panda, ni la mwaka 1932, na ardhi ya jirani yake huhesabiwa kuwa ya bei kubwa kuliko zote nchini humo.

Ilikuwa Jumamosi. Ilipotimu saa sita mchana barabara kuu ilifungwa, magari yasipite, utaratibu ulioanza mwaka 1970. Watu wakashuka kutoka kandokando wakatembea katikati ya lami, watoto kwa wazee. Nami nikatembea, nikatazama lulu, saa na mikoba nyuma ya vioo, mikono yangu nikiwa nimeifunga mgongoni kama mwanafunzi aliyeonywa asiguse kitu.

Mwenyeji wangu akaniteremsha chini ya duka moja kubwa, maana maduka makubwa ya Japani huuza vyakula ghorofa ya chini ya ardhi. Huko nililiona tikiti tamu moja, la mviringo, limelazwa ndani ya sanduku la mbao. Bei yake ilizidi yeni 10,000, yaani zaidi ya dola 60 za Marekani. Nikasema moyoni, huu sasa ni wizi wa mchana.

Mwenyeji wangu akanieleza. Mkulima wa matikiti hayo huyapanda ndani ya nyumba ya vioo, na katika kila mche huacha tunda moja tu, mengine huyakata yangali madogo ili utamu wote uende kwa lile lililobaki. Na anayenunua mara nyingi hanunui kwa ajili ya nyumbani kwake. Anampelekea mgonjwa, au mtu aliyemfadhili. Tulipokuwa tumesimama, mama mmoja alikuja kununua. Muuzaji hakuuliza kwanza habari ya pesa. Aliuliza: litaliwa siku gani? Kisha akamchagulia litakaloiva siku hiyo.

Tukatoka, tukapita mbele ya Kabuki-za, jumba la maigizo ya jadi, tukaendelea moja kwa moja hadi Tsukiji. Maana ya jina hilo ni ardhi iliyojengwa, kwa kuwa bahari ilifukiwa pale baada ya moto mkuu wa mwaka 1657. Soko la samaki lilihamia huko baada ya lile tetemeko la 1923 kuharibu soko la zamani la Nihonbashi, na jengo lake likafunguliwa mwaka 1935.

Hapa pana jambo la kutufundisha sisi wa mijini. Soko lilikuwa na sehemu mbili: ya ndani, ya mnada na jumla, na ya nje, ya maduka madogo. Oktoba 2018 ile ya ndani ilihamishiwa Toyosu, baada ya kucheleweshwa kwa sababu ya sumu iliyokutwa kwenye udongo wa huko, palipokuwa zamani na kiwanda cha gesi. Ni huko Toyosu, Januari 2019, jodari mmoja wa kilo 278 aliponunuliwa kwa yeni milioni 333.6. Jengo la Tsukiji likavunjwa. Wengi walidhani maduka ya nje nayo yatakufa, maana mti ukikatwa shina, matawi hukauka.

Hayakukauka. Nilikuta vichochoro vimejaa watu, maduka kama 400, mayai ya kukunja yakikaangwa, mwani mkavu, pweza, na samaki waliokaushwa kwa moshi wakawa wagumu kama gogo, wakiparuliwa kutengenezea mchuzi.

Kwenye duka la visu nikaonyesha kisu kimoja, nikatoa pesa. Mzee muuzaji hakuzipokea. Aliuliza: atakayekishika anatumia mkono gani? Nikaduwaa. Visu vyao vingi vya samaki hunolewa upande mmoja tu, wa pili huachwa bapa, na kisu cha mtu wa kulia humsumbua wa kushoto. Shemeji nimekula naye sinia moja miaka mingi, lakini mezani sote tunatumia kulia. Nikapiga simu. Tokyo ilikuwa saa saba mchana, Feri saa moja asubuhi, nikasikia kelele za mnada. "Kazini natumia kushoto, shemeji. Hukujua?"

Sikujua. Cha kushoto kilikuwapo kimoja, bei imezidi, nikaongeza yangu. Mzee akakinoa tena kabla ya kukifunga.

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muuza tikiti wa Ginza na muuza kisu wa Tsukiji wote wawili waliuliza habari za mtu ambaye hawatamwona kamwe. Soko huweza kuhamishwa paa na kuta. Mteja hurudi kwa yule aliyemuuliza. Tukutane juma lijalo.