Gari Likitetemeka, Propela Nayo Ichunguzwe

Watu wengi wenye magari, wasikiapo gari likitetemeka barabarani, hulaumu tairi. Hununua tairi mpya kwa fedha nyingi, na kumbe mtetemo ubaki vile vile. Katika gari lisukumwalo na magurudumu ya nyuma, kama vile lori, pikapu na matatu nyingi, hapana budi kuchunguza pia propela, yaani lile bomba la chuma lililo chini ya gari, ambalo hupeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka difu.

Kazi yake

Giaboksi imefungwa mahali pamoja, lakini difu hupanda na kushuka pamoja na springi kila gari lipitapo kwenye shimo. Kwa hiyo propela hutiwa viungo vinavyokunjika, ambavyo mafundi huviita krosi, kwa kuwa umbo lake ni kama msalaba. Kila mkono wa krosi huingia katika kikombe kidogo chenye vyuma vyembamba kama sindano, vinavyozunguka ndani ya grisi. Grisi ikikauka, au maji na vumbi vikiingia, sindano hizo husagika, na kiungo hulegea.

Tena propela huzunguka upesi kuliko gurudumu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu lenye mzingo wa mita 2 huzunguka zaidi ya mara 650 kwa dakika. Lakini propela, ikiwa difu ni ya 4 kwa 1, huzunguka zaidi ya mara 2,600. Ndiyo sababu kasoro ndogo tu ya uzito yatosha kulitikisa gari zima.

Kuutambua ugonjwa

Kwanza, dereva na atazame namna ya mtetemo. Ule wa gurudumu ni wa polepole, na ukitoka mbele husikika katika usukani. Wa propela ni wa haraka, kama mvumo, na husikika sakafuni na kitini.

Pili, aendeshe katika barabara tupu kwa mwendo ule ule kwa gia mbili mbalimbali. Mtetemo ukibadilika kwa kufuata injini, kasoro i katika injini au klachi. Ukibaki vile vile katika gia zote mbili, kasoro iko nyuma ya giaboksi: katika propela, difu au magurudumu.

Tatu, asikilize. Mlio wa "ko!" gari linapotoka gia ya mbele kwenda ya nyuma, au mlio kama wa ndege katika mwendo wa polepole, mara nyingi ni dalili ya krosi iliyokwisha. Gari linalotetemeka linapoondoka na mzigo, huenda ikawa beringi ya kati imechoka, ikiwa propela yake ni ya vipande viwili.

Kuchungulia chini

Gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mbao au mawe, na lipumzishwe juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kisha gia itolewe, na propela ishikwe kwa mikono miwili na kusukumwa juu, chini na upande. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Vumbi jekundu la kutu kando ya vikombe ni ishara ya ukavu. Yatazamwe pia matope yaliyogandamana, bomba lililobonyea, nati zilizolegea, na vile vipande vidogo vya chuma vya kusawazisha uzito: kimoja kikidondoka, alama yake huonekana.

Kutengeneza

Kabla ya kufungua nati yoyote, fundi aweke alama za rangi kwenye propela na difu, na kwenye sehemu zenye meno zinazoingiliana, ili kila kitu kirudi mahali pake. Meno yakikosewa, krosi mbili hazitalingana, na mtetemo mpya utazaliwa. Akumbuke pia kwamba propela ikisha kutolewa, gia haiwezi tena kulizuia gari. Na katika Land Rover za zamani hata breki ya mkono hushika propela, si magurudumu.

Krosi mbovu haitengenezwi, hubadilishwa. Vikombe vipya visukumwe kwa jiliwa, bila kupigapiga bomba kwa nyundo, na sindano zisianguke ndani. Bomba lililopinda lipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kusawazisha. Na gari lililoinuliwa springi ili kubeba mzigo zaidi lipimwe pembe za propela, maana pembe ya mbele na ya nyuma zisipolingana, hata krosi mpya hazitadumu.

Hatari ya kungoja

Kiungo cha mbele kikikatika katika mwendo wa kasi, ncha ya propela huanguka na inaweza kuchoma barabara, ikalirusha gari pamoja na abiria wake. Hata kabla ya siku hiyo, mtetemo huharibu sili za giaboksi na za difu, mafuta yakavuja. Bei ya krosi moja ni ndogo sana ikilinganishwa na ya giaboksi, na haiwezi kulinganishwa kamwe na uhai wa mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.