Kudhibiti Magugu Katika Bustani ya Nyumbani Bila Dawa

Mvua inapoanza, mboga na magugu huota pamoja, na mara nyingi magugu ndiyo hutangulia. Huzinyang'anya mboga maji, mwanga na rutuba. Hata hivyo, katika bustani ndogo ya sukuma wiki au mchicha, si lazima unyunyizie dawa ya magugu karibu na chakula unachochuma kila siku. La kwanza ni kujua gugu ulilo nalo, kwani si yote huondolewa kwa njia moja.

Magugu ya mbegu
Kishona nguo na mengine yanayoenea kwa mbegu yang'oe kabla hayajatoa maua. Mmea mmoja wa kishona nguo ukikomaa hutoa maelfu ya mbegu. Palilia asubuhi ya siku yenye jua, ukikwangua udongo wa juu tu. Ukilima kwa kina, utaziinua mbegu zilizolala chini nazo zitaota.

Magugu ya mizizi
Kukata majani ya ndago au sangari hakutoshi. Ndago huchipuka tena kutoka kwa vinundu vilivyo ardhini, na kipande cha mzizi wa sangari kilichokatwa na jembe kinaweza kuwa mmea mpya. Inua udongo ukiwa na unyevu kwa jembe la meno, okota vinundu na mizizi kwa mkono, kisha uianike juani hadi ikauke kabisa. Usiitupe kwenye mboji ikiwa mbichi. Rudia kila machipukizi yanapotokea.

Kinga
• Tayarisha tuta mapema, limwagilie, subiri takriban wiki 2 magugu yaote, yakwangue, ndipo upande miche.
• Tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu au mabua ya mahindi, unene wa sentimita 5 hadi 10. Acha nafasi kuzunguka shina lisioze.
• Tumia samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi hubeba mbegu za magugu yaliyoliwa na mifugo.
• Usimwage chumvi. Huua magugu, lakini hubaki udongoni na kudhuru mboga utakazopanda baadaye.

Kuwa makini hasa katika wiki za kwanza baada ya kupandikiza, miche ikiwa bado midogo.

Iwapo hulitambui gugu, ling'oe pamoja na mizizi yake umpelekee afisa wa kilimo wa wadi yako akushauri.